Gari la kwenye simu na parsele iliyomezwa na ziwa

Kwenye vibanda vya kuchajia simu, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, vijana wanapeana habari za michezo ya simu ambayo inasemekana inalipa. Unacheza, unapata mnyama wa kuchora, kadi, upanga au gari, na kitu hicho, wanasema, ni chako kabisa. Kimeandikwa kwenye blokucheni, utakiuza kwa mtu wa Dubai au Manila, na hakuna wa kukunyang'anya. Maneno hayo sasa yanafika hata kwa familia zilizohama vita, pale ambapo kijana aliyekatiwa masomo ana simu na muda mwingi, na dola kumi ambazo shangazi ametuma kwa M-Pesa ndizo chakula cha nyumba nzima. Ndiyo sababu naandika.

Blokucheni ni daftari. Badala ya kukaa mezani kwa karani mmoja, nakala zake zinakaa kwenye mashine nyingi duniani, na kilichoandikwa humo hakifutiki kirahisi. Mimi silicheki wazo hilo. Kwetu ofisi zimeporwa mara ngapi? Watu wangapi wamevuka Ruzizi bila hata cheti cha kuzaliwa cha mtoto? Vijana wananijibu kwamba karatasi za baba ziliungua, lakini hii haiungui. Ni hoja ya kweli, na wazee wanaowakatiza kwa kusema ni uchawi wa mtandao hawawasaidii.

Swali ni daftari hilo linalinda nini. Tazameni wenye parsele kando ya ziwa. Maji ya Tanganyika yamepanda sana miaka hii, na kuna watu hapa Kavimvira na ng'ambo huko Gatumba wenye karatasi halali, muhuri upo, sahihi ipo, ila parsele yenyewe iko ndani ya maji. Hakuna aliyewanyang'anya karatasi.

Hayo ndiyo yaliyompata aliyenunua gari la mchezo wa F1 Delta Time. Mwezi wa tano 2019, gari moja la kuchora la mchezo huo liliuzwa zaidi ya dola 100,000. Mchezo ulikuwa umeruhusiwa kutumia jina la mashindano ya Formula 1. Ruhusa ikaisha, na mwezi wa tatu 2022 mchezo ukafungwa. Daftari halikuungua, lakini barabara ya kuliendeshea gari haipo tena. Kampuni, Animoca Brands, iliwapa wenye magari vitu vya badala katika michezo yake mingine, na ni haki kulisema hilo. Ila nani aliamua badala iwe nini? Si mwenye gari.

Wauzaji watasema utahamisha upanga wako kutoka mchezo huu hadi ule. Kila mchezo una mafundi wake, wanaolipwa mshahara, na hakuna kinachowalazimisha kuupokea upanga ambao pesa yake ililiwa na mwingine. Nenda na zamu yako ya likelemba ya Mulongwe kwenye likelemba ya Kimanga, uone kama watakupa chungu.

Mchezo uliovuma kuliko yote ni Axie Infinity wa kampuni ya Sky Mavis, uliowateka hasa watu wa Ufilipino wakati wa korona. Ili uanze ulihitaji wanyama watatu, na mwaka 2021 walifika mamia ya dola. Asiye na pesa aliazimwa wanyama na tajiri, akacheza kutwa, kisha wakagawana mapato. Dereva yeyote wa pikipiki hapa mjini anajua mpango huo, kwa sababu kila jioni anampelekea mwenye pikipiki pesa yake. Tofauti ni kwamba pikipiki inambeba abiria kweli, na abiria analipa kwa sababu amefika Sange. Mnyama wa Axie hakumfikisha mtu popote. Pesa ya aliyeingia jana ilitoka kwa anayeingia leo. Tokeni waliyolipwa wachezaji ilipita senti 30 za dola katikati ya 2021. Mwaka uliofuata, wageni walipopungua, ikashuka chini ya senti moja. Na mwezi wa tatu 2022 wezi waliingia kwenye daraja la mtandao la mchezo huo wakachukua mali ya zaidi ya dola milioni 600. Polisi ya Marekani, FBI, ilisema ni wadukuzi wa Korea ya Kaskazini.

Wazee wetu wanakumbuka Bindo, kule Kinshasa mwaka 1991, na pesa zilizopotea. Hapakuwa na blokucheni wakati huo.

Hata kampuni zinazokula kwa michezo ziliogopa. Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, ilikataza michezo ya aina hii mwezi wa kumi 2021. Wenye Minecraft, ambayo watoto wengi wanaijua, walikataa mwezi wa saba 2022. Hawa si watu wanaochukia pesa!

Wengine wananitajia Virunga. Ni kweli, mwaka 2022 mbuga ya Virunga ilishirikiana na kundi la CyberKongz kuuza picha za ngagi zilizoandikwa kwenye daftari hilo, na ikapata zaidi ya dola milioni moja. Lakini angalieni nani alikuwa muuzaji. Virunga iliuza. Matajiri wa mbali walinunua, na hata picha ikibaki bila thamani, msaada wao umefika. Kijana wa Kavimvira hawekwi upande wa Virunga katika biashara hii. Anawekwa upande wa mnunuzi, bila kuwa na pesa ya kuchezea.

Na ile ya bure? Hamster Kombat iliwafanya watu duniani kote wagonge kioo cha simu kwa miezi. Mwezi wa tisa 2024 tokeni zikagawiwa, na wengi walipata dola chache tu, wakapiga kelele. Hapa kwetu toa kwanza bei ya mega na ya kuchaji.

Kuna jambo moja zaidi, na kwa waliohama nalihesabu kuwa kubwa kuliko hasara ya bei. Simu ya M-Pesa ikipotea, unaenda na kadi yako, unaomba laini mpya, na salio lako unalikuta. Inachosha, foleni ni ndefu, lakini kuna mtu wa kumwendea. Vitu vya blokucheni unavyovishika mwenyewe vinafunguliwa kwa maneno ya siri, mara nyingi 12 au 24. Ukiyapoteza hayo maneno, hakuna ofisi, hakuna karani, hakuna foleni. Akiyaona mwingine, mali ni yake, na daftari lile lisilofutika litaandika kwamba umempa. Sasa fikirieni njia ambazo watu wetu wanapita: bariere baada ya bariere, simu inafunguliwa na mtu mwenye silaha, begi linamwagwa chini, karatasi inalowa kwenye mtumbwi usiku.

Mchezo wenyewe sina ugomvi nao. Mtoto aliyelala mahali pa wageni anahitaji kucheza, na simu ni kitu kimojawapo alichobaki nacho. Acheze. Wazazi, mnaloweza kuuliza leo jioni ni dogo tu: je, mchezo huo umeshamwomba pesa, picha ya kadi ya mpiga kura, au maneno ya siri? Kama jibu ni ndiyo, itoeni simu mkononi mwake kabla ya chakula.