Dini si Nasaba



Nakuuliza wewe baba mwenye binti, na wewe mama unayeshauriwa jikoni kabla baba hajashauriwa barazani: akija kijana kuposa, waulizia nini kwanza? Sala yake? Amana yake? Au waulizia babu yake alikuwa nani, na bibi yake alitoka wapi?

Posa imepelekwa katika nyumba moja ya mji wetu. Kijana hakosi jamaa ya alfajiri, kazi anayo, deni hana. Jibu likawa, "Si mtu wetu." Wenye nyumba ile nasaba yao wameitia fremu ukutani, maulidi husomwa kwao kila mwaka, na msikitini safu yao ni ya mbele. Siwavunjii heshima. Lakini hebu tuulizane dini hii ilianza vipi na ilikuja kuvunja nini, maana wengi wetu tumeirithi kama tulivyorithi masanduku ya wazee: twayapangusa vumbi, hatuyafungui.

Wahyi ulipomshukia Bwana Mtume (S.A.W.) katika pango la Hiraa, kiasi cha mwaka 610 wa Miladi, Maquraishi hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Wakiulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, wakisema ni Mwenyezi Mungu. Qurani yenyewe yawashuhudia hayo. Basi waligombana na nini? Waligombana na lile neno la kwamba hapana mwingine wa kuabudiwa ila Yeye. Kwani Mola akiwa mmoja, watu wote ni watumwa Wake, na mtumwa hana la kumringia mtumwa mwenziwe. Wakubwa wa Makka walilifahamu hili upesi kuliko tunavyolifahamu sisi leo. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba hivyo ndivyo walivyowakuta baba zao. Ukiisikia hoja hiyo barazani kwako jioni ya leo, basi ujue imetoka kwa nani.

Mtazame Bilali bin Rabaha, mwana wa mama wa Kihabeshi, mtumwa wa Umayya bin Khalaf. Alilazwa juu ya mchanga wa moto na jiwe likatiwa kifuani mwake, naye hakuwa na la kusema ila kumtaja Mola kuwa ni Mmoja. Seyyidna Abubakar akamnunua, akamwacha huru. Mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, Makka ilipofunguliwa, Mtume alimwamuru huyo huyo Bilali apande juu ya Alkaaba aadhini. Imepokewa kwamba wako mabwana wa Kiquraishi waliochukizwa sana, hata mmoja akashukuru kuwa baba yake alikwisha kufa asiyaone hayo. Nasaba walikuwa nayo, na hapana nasaba ya Kiarabu iliyoishinda. Abu Lahabi naye alikuwa ami yake Mtume khasa, ndugu wa baba yake, na sura nzima imeteremka kumlaani. Ukoo haukumfaa kitu.

Hapa niseme pia na mwingine, yule anayetwambia kuwa Uislamu ni dini ya Waarabu, tuwarudishie wenyewe. Mtume alihamia Madina mwaka 622. Kiasi cha miaka saba kabla yake, masahaba walikwisha kuvuka bahari kwenda Habasha, wakapata amani kwa mfalme Najashi, na Jaafar bin Abi Talib akamsomea Surat Maryam barazani pake. Afrika ilisikia Qurani kabla Madina haijawa dola ya Kiislamu. Najashi alipokufa, Mtume alimsalia sala ya maiti naye yuko mbali. Na leo nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote ni Indonesia, si nchi yoyote ya Waarabu. Asemaye "dini ya Waarabu" kwa kuitukana, na asemaye hivyo kwa kujisifu, wamekosea kosa moja.

Najua mtanijibu: "Sheikh, kitabuni mna kufuu." Naam, mna. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na katika Minhaji ya Imamu Nawawi inayosomeshwa darasani, nasaba imetajwa katika kufuu. Sitaificha, maana hoja ya kuficha nusu ya kitabu ni hoja mbovu. Lakini someni mpaka mwisho! Kufuu ni haki ya mwanamke na mawalii wake. Wakiridhia kuiacha, nikaha ni sahihi. Si nguzo ya dini, wala aiachaye hapati dhambi. Na Imamu Malik, mwalimu wake Shafi, yeye shina la kufuu aliliweka katika dini. Basi usimfanye Imamu ngao ya kiburi chako.

Tena tazameni alivyofanya Mtume mwenyewe. Zainab binti Jahshi, binti wa shangazi yake, alimwoza Zaid bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. (Utaniambia waliachana. Waliachana, na huku kwetu wa ukoo mmoja hawaachani?) Na Fatima binti Qais, mwanamke wa Kiquraishi, alipoposwa na Muawiya na Abu Jahmi, Mtume alimshauri amchukue Usama, mwana wa Zaid huyo, ambaye mama yake, Ummu Aimani, alikuwa Mhabeshi. Kwanza hakupenda. Kisha akamkubali, akapata kheri kwake hata wenziwe wakamtamania.

Imani yetu ni kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika Wake, vitabu Vyake, mitume Yake, siku ya mwisho, na kadari. Mtoto wa chuoni azihesabu kwa vidole. Hesabu na wewe, ndugu yangu, unionyeshe babu yako yumo katika kidole kipi.

Mama wa nyumba ile, nasikia, moyo wake umelainika kidogo, na binti mwenyewe karidhia tangu siku ya kwanza. Aliyebaki ni baba. Na yule kijana bado yuwangoja jibu.