Hewa Si Jaa la Vyombo vya Angani

Watu wengi hudhani kwamba mwenye kuunda chombo cha angani ana shida moja tu, yaani kukirusha. Mimi naona kushuka ni shida kubwa zaidi, na hapo hewa ndiyo bwana.

Chombo kinachoizunguka dunia kwa karibu huenda mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa. Kikirudi kwa mwendo huo, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha. Hushindiliwa na kuwa moto mkali mno. Kwa hiyo, ingawa roketi ipandayo huchongwa ncha kama mkuki, chombo kishukacho na watu hufanywa butu, ili hewa ile ya moto isukumwe mbali kidogo na ukuta wake. Ndivyo kilivyokuwa chombo cha John Glenn, Mmarekani aliyeizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari, 1962, huku kituo cha Unguja kikiwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatia safarini.

Basi, kwa ajili ya mtu waundaji hujitahidi. Je, vipande vya roketi vilivyokwisha kazi? Vingi huachiwa hewa ivichome. Lakini aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 za Sentigredi, na titani kwa nyuzi 1,668. Si kila kitu kitakachoteketea.

Tarehe 30 Desemba, 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ilitoka katika roketi. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Lakini je, twaweza kutegemea bahati siku zote? Anga la Mukuku halina ukuta wa kulitenga na letu hapa Puge, na mkulima aliye shambani hana pa kukimbilia.

Maoni yangu ni haya: arushaye roketi achague madini yatakayoungua yote, au aweke akiba ya mafuta ya kukiongoza kipande hadi bahari kuu, hata kama gharama itazidi. Babu zetu wa Unyamwezi walichukua mizigo ya misafara hadi pwani. Walijua ya kuwa kuuinua mzigo begani si mwisho wa kazi. Mwisho wa kazi ni kuutua mahali pake.

Mwanafunzi, Kidato cha IV