Jua Lisikae Mgongoni

Yamkini nawe ulifundishwa kama nilivyofundishwa mimi, kwamba mpiga picha hodari husimama jua likiwa mgongoni mwake. Fundisho hilo ni la tangu enzi za filamu, na kwa picha ya watoto waliovaa nguo za sikukuu halina ubaya mkubwa, ila watoto wenyewe hukunja nyuso kwa kuumizwa macho. Kwa picha ya ua, fundisho hilo lilinitia aibu mbele ya mjomba wangu.

Mjomba analima mikorosho huko Ruangwa. Mwaka mmoja, mikorosho ilipoanza kuchanua, aliniletea picha kwa simu mimi niliye Dar es Salaam, akaniuliza: "Mpwa wangu, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Hebu nitazamie maua haya, yanaendeleaje?" Picha ilikuwa angavu. Alikuwa ameipiga adhuhuri, jua nyuma yake, vile vile nilivyomwelekeza siku nilipompelekea ile simu. Nikamjibu kwamba maua ni mazuri mno, kisha nikawaonyesha wenzangu kazini. Hazikupita wiki nyingi, mashada ya mti ule yakawa meusi na maua yakapukutika kabla ya kufunga korosho. Ulikuwa ubwiriunga. Ulikuwamo ndani ya picha ile tangu mwanzo, nami sikuuona.

Kosa halikuwa la simu. Ua la mkorosho ni dogo, lina petali tano, rangi yake ni ya maziwa yenye michirizi ya waridi, nalo huzidi kuwa jekundu kadiri linavyozeeka. Shada moja hubeba maua mamia. Mengine ni ya kiume tu, mengine yana jinsi zote mbili, na hayo ya pili ndiyo yawezayo kufunga korosho. Nao ubwiriunga ni ukungu mweupe mfano wa unga uliopepetwa, hukaa juu ya machipukizi, majani machanga na maua hayo hayo. Basi fikiri: unga mweupe juu ya ua jeupe, na mwanga unaupiga kutoka upande ule ule alikosimama mpiga picha. Kila kivuli kimejificha nyuma ya kitu chake, na weupe umemezwa na weupe. Taa ndogo ya simu haifai kitu hapo, kwani imekaa kando ya lenzi nayo hupiga uso kwa uso vile vile.

Msimu uliofuata nilichukua likizo yangu mwezi Julai, nikaenda mwenyewe. Saa moja asubuhi tulikuwa shambani, jua lingali chini upande wa mashariki. Safari hii nilisimama jua likiwa begani mwangu wala si mgongoni. Mwanga ukapita juu ya shada kutoka ubavuni, kila chembe ikatupa kivuli chake, na ule unga ukajitokeza kama vumbi linavyojitokeza juu ya meza mama anapofungua dirisha asubuhi. Mjomba aliitazama simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe." Siku ile ile alimwendea bwana shamba, na salfa ikapulizwa ukungu ukiwa bado kwenye matawi machache. Sitadai kwamba picha iliponya shamba zima, maana mashada kadhaa ya miti ya bondeni, ambako ubaridi na umande wa usiku huchelewa kuondoka, yalikwisha kuharibika.

Ikiwa huwezi kuamka na jogoo, mwanga wa ubavuni unaweza kuutengeneza mwenyewe. Ingia chini ya kivuli cha mti. Tundika kaniki nyuma ya shada ili weupe upate kuonekana, kisha mpe mtoto kurunzi aishike pembeni, si karibu yako. Atafurahi kupewa kazi. Endapo upande wa pili umekuwa giza mno, simamisha karatasi nyeupe upande huo, nayo itarudisha nuru kiasi. Gusa kioo cha simu penye ua na upunguze mwangaza kidogo, kwa sababu kamera ikiona kitambaa cheusi hudhani kumekuchwa, ikaongeza mwanga hadi petali zikaungua. Na upepo ukivuma, ngoja utulie. Mimi hupoteza picha nyingi kwa papara kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Upo na mwanga wa tatu, utokao nyuma ya ua lenyewe, na huo niliujulia Nachingwea. Vitabu vya historia huitaja Nachingwea kwa ajili ya karanga, kwani ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mpango mkubwa wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Mimi sikuendea karanga. Niliendea ufuta, mwezi wa Aprili, ukiwa katika maua. Ua la ufuta lina umbo la kengele, jeupe lenye kugeukia waridi, na lina vinyweleo laini. Simama ukilikabili jua, ua likiwa kati yenu, kisha ukinge lenzi kwa kofia. Ua zima litawaka kama kioo cha chemli, vinyweleo vitang'ara pembezoni, na nyuki akiwa ndani utamwona kivuli chake kikitembea ukutani mwa kengele. Lakini uwahi. Ua hilo hufunguka alfajiri, na jioni ya siku hiyo hiyo huwa limeanguka. Siku ya kwanza nilikawia kwenye chai ya wenyeji wangu, nikalala, nikafika shambani alasiri. Maua mengi nikayakuta chini.

Mwaka huu mjomba ameniletea picha tatu za shada moja la mkorosho. Ya kwanza sikuona kitu. Ya tatu niliikuza, nikaona unga kwenye shina la shada, mwembamba sana, nikampigia simu kabla sijanawa uso. Alikuwa amekwisha kuondoka kwenda kwa bwana shamba. Chini ya picha aliandika: "Jua lilikuwa kushoto."