Canon R50 ama Sony ZV-E10? Jibu langu liko kwa jua la saa saba



Hakuna wiki inapita bila mtu kuniandikia: "Bro, nimeweka akiba mwaka mzima, pesa yangu inatosha kamera moja tu. Nichukue Canon R50 ama Sony ZV-E10?" Ukiuliza hivyo mtandaoni, utajibiwa "inategemea". Ni kweli inategemea, lakini hilo si jibu la kumpa mtu ambaye ameuza ndama ndio anunue kamera. Leo nachagua upande, na sababu zangu zinatoka hapa Navakholo, si kwa studio ya mtu huko ng'ambo yenye taa sita na ukuta wa kijivu.

Jibu langu ni hili. Kama unataka kamera ya kukulipa kwa picha za watu, chukua R50. Kama ni wewe unasimama mbele ya kamera ukiongea, chukua ZV-E10. Na sababu kubwa wala sio megapikseli. Ni kidirisha cha kuchungulia.

Tuanze na pale zinafanana, ndio tusipigane bure. Zote ni miralesi, yaani hazina kile kioo kinachoruka ndani kama kamera za zamani. Zote zina megapikseli 24 na sensa ya ukubwa wa APS-C. Sony ilitoka 2021, Canon ikatoka 2023, na bei zao za kwanza zilikaribiana sana: kama dola 700 kwa Sony na dola 680 kwa Canon, bila lenzi. Zote ni nyepesi, chini ya gramu 400 na betri ndani. Zote zinarekodi video ya 4K. Zote hazina mtambo wa ndani wa kutuliza mtikisiko wa mkono. Ukipewa picha mbili, moja ya kila kamera, zimepigwa kwa mwanga mzuri na lenzi nzuri, nakuapia hutajua gani ni gani.

Sasa acha nikuambie kisa changu.

Nilipoanza hii kazi niliitwa kupiga picha mazishi ya kukhu mmoja, si mbali na kwetu. Sikuwa na kamera, nikaazima. Haikuwa na kidirisha cha jicho, ilikuwa na skrini ya nyuma tu. Asubuhi nilipiga ndani ya nyumba, giza giza, kwa hivyo nikaweka mipangilio ya giza kwa mkono. Ilipofika saa saba, MC akaanza kuita watu wapige picha kando ya jeneza. Unajua vile inakuwanga: watoto, halafu wajukuu, wakwe, kikundi cha kanisa, halafu "watu wa Nairobi". Kila kikundi kinapewa dakika moja, mapadri wanangoja, mvua inakuja.

Jua lilikuwa wima juu ya vichwa. Nikiangalia skrini naona uso wangu na mawingu. Nikabonyeza tu, nikiamini. Jioni nikiwa ndani ya nyumba ndio nikaona: zile picha zote za nje zilikuwa nyeupe kama karatasi. Nilisahau kurudisha mipangilio ya nje. Na nilikuwa nimepiga JPEG pekee, kwa hivyo hakukuwa na kitu cha kuokoa. Saa hiyo kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Senje mmoja wa hiyo familia akaniuliza polepole, "Kijana, sasa picha ya wajukuu na nyanya yao iko wapi?" Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kosa lilikuwa langu, si la kamera. Fundi hodari angekagua. Lakini hiyo siku nilijifunza kwamba kwa kazi yetu, kuona unachopiga si anasa. Harusi ukiharibu picha ya keki, bibi harusi anaweza kushika kisu tena. Mazishi hakuna "tena".

Sasa rudi kwa zile kamera mbili. R50 ina kidirisha cha kuchungulia chenye nukta milioni 2.36. Ukiweka jicho, jua linabaki nje, na ile picha unaiona inakuonyesha mwanga vile utatoka kabla hujabonyeza. Kama iko nyeupe, unaiona nyeupe. ZV-E10 haina kidirisha kabisa. Hata ile mpya iliyotoka 2024, ZV-E10 II, bado haina. Sony hawakusahau, waliitengeneza kwa mtu wa kujirekodi, na mtu wa kujirekodi hachungulii.

Kuna mtu ataniambia, "Si uongeze mwangaza wa skrini?" Unaweza, kuna hadi mpangilio wa jua kali, lakini betri italia mapema na saa saba bado utakuwa unakisia. Mwingine atasema ujifunike leso kichwani. Nimejaribu. Inafanya kazi. Lakini jaribu kuzunguka jeneza la mzee wa watu ukiwa umejifunika leso kama mwali, uone vile wazee watakuangalia.

Na jua letu si jua la kila mahali. Ikweta inapita hapo Maseno, si safari ndefu kutoka hapa. Mchana jua linakuja kutoka juu, macho yanakuwa mashimo mawili meusi na paji la uso linang'aa. Wale wa Ulaya wanaosema skrini inatosha wanapiga picha kwa jua la ubavuni. Wacha waje Nambacha siku ya soko.

Halafu kuna hii mambo ya nyuso zetu. Sherehe zetu nyingi ni chini ya tenti nyeupe. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani kuna mwanga mwingi sana, inapunguza, na watu wenye ngozi nyeusi wanatoka bila macho wala pua. Hii shida ina historia. Kwa miaka mingi maabara za picha zilikuwa zinapima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi kama yetu ikabaki kubahatisha. Kamera za siku hizi ni bora zaidi, lakini bado chini ya tenti lazima uongeze mwanga kidogo wewe mwenyewe, hatua nusu hadi moja. Ukiwa na kidirisha unazungusha gurudumu hadi uone uso wa mama umefunguka, ndio unabonyeza. Ukiwa na skrini kwa jua, unaongeza ukiomba Mungu.

Sababu yangu ya pili ni lenzi, na hapa kuna ubishi. Mashabiki wa Sony watasema wao wana lenzi nyingi, na hawadanganyi. Mlango wao wa E uko sokoni tangu 2010, na kampuni kama Sigma zina lenzi kali za f/1.4 ambazo hazifilisi mtu. Canon walichelewa; lenzi za Sigma zenye fokasi ya yenyewe kwa kamera kama R50 zilianza kufika 2024. Kama ungenunua kila kitu kipya dukani, Sony ingeshinda hii raundi.

Lakini nani huku ananunua kila kitu kipya? Angalia mapiga picha wa Magharibi hii yote, wale wa harusi, wale wa shule siku ya wazazi, wale wanachapisha picha papo hapo na jenereta. Karibu kila mmoja amelelewa na Canon za zamani. Kila mtaa una mtu ana ile 50mm f/1.8 imelala kwa droo. Ukinunua adapta ya Canon, ile ya EF kwenda RF, hiyo lenzi inakaa kwa R50 na fokasi inafanya kazi vizuri. Kwa sensa ndogo inakuwa kama 80mm, na hapo umepata picha za nyuso zenye nyuma laini kwa pesa ya lenzi kuukuu. Kama unaanza bila pesa, lenzi unazoweza kuazima ni muhimu kuliko zile ziko kwa orodha ya kampuni.

Sasa niwe mkweli, maana R50 sio malaika.

Lenzi inayokuja nayo, 18-45mm, ni ya giza: inaanzia f/4.5 na ukivuta inafika f/6.3. Kwa kesha usiku, balbu moja na moshi, itakuangusha. Betri yake ni ndogo, nunua ya pili siku hiyo hiyo. Ina flashi ndogo ya kuinuka, lakini ile flashi yako ya zamani haiingii juu hivi hivi, lazima upate adapta nyingine, kwa hivyo peleka flashi yako dukani ujaribu kabla hujalipa. Na haina tundu la hedifoni, kwa hivyo ukirekodi mtu hujui sauti imeingia aje mpaka ufike nyumbani.

Hapo kwa sauti ndipo ZV-E10 inaamka. Ina maiki yenye vinasa sauti vitatu juu na kale kamanyoya ka kuzuia upepo, tundu la maiki ya nje na la hedifoni. Skrini inageuka kando ujione. Kuna kitufe kimoja cha kufanya nyuma ya mtu iwe laini, bila kujua hesabu za f. Inaweza kunywa moto wa pawabanki ikiendelea kurekodi, na wewe unajua stima zetu. Kwa hivyo kama kazi yako ni kuhoji wakulima wa miwa, kuchekesha TikTok, kupika kwa YouTube, ama kurekodi kwaya ya kanisa, usinisikize mimi na kidirisha changu. Chukua Sony, weka Sigma ya f/1.4, enda kazi. Jihadhari na kitu kimoja tu: ukiizungusha haraka kwa 4K, vitu vilivyosimama wima vinapinda. Kwa wacheza isukuti wanaoruka-ruka, simama pahali pamoja waache wao ndio wacheze.

Na mafahali? Najua mtauliza, kwa sababu kila msee akishika kamera Kakamega anataka picha ya fahali wa Khayega ama Malinya. R50 inapiga picha 12 kwa sekunde, Sony 11, karibu sawa. Lakini R50 ukipiga kwa RAW inajaa ndani ya kama sekunde moja halafu inakwama, na sekunde hiyo ndiyo pembe zinagongana. Piga JPEG, na usibonyeze kama mtu anamwaga risasi. Ngoja vichwa vishuke kwanza. Kwa ndege wa msitu wa Kakamega, kamera zote mbili ni ndogo mbele ya swali la lenzi ndefu. Yule ndege mkubwa wa buluu anakaa juu ya mti mahali kuna kivuli, na bila lenzi ya kufika milimita 350 ama 400 utapiga majani.

Kwa hivyo hesabu yangu iko hivi. Hapa kwetu, mtu hatoi pesa kwa sababu video yako imeona watazamaji elfu kumi. Anatoa pesa kwa sababu anataka uso wa mamake ukutani, kwa fremu, sebuleni, miaka ishirini ijayo. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyoko. Ndio maana nasema R50 kwanza, 50mm ya kuazima, betri mbili, na uanze na jirani. Pesa ikiingia, tafuta maiki. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunanunua kamera ya kujirekodi tukingoja kuwa maarufu, halafu mazishi ya mtaani yanapigwa na mtu kutoka mjini.

Ile familia niliyowaharibia walinipigia mwaka uliofuata, siku ya ukumbusho. Sijui kwa nini walinipa nafasi nyingine. Wajukuu walijipanga tena, wakati huu kando ya kaburi, na nikapiga nikiwa nimeweka jicho kwa kidirisha, nikaangalia kila uso. Sikuchukua hata shilingi. Picha ilitoka vizuri sana, lakini kukhu hakuwa ndani yake.

Kama bado unasita, fanya hivi. Usijaribu kamera ndani ya duka chini ya taa. Omba muuzaji utoke nayo hadi mlangoni saa saba mchana, piga picha ya mtu aliyesimama kwa jua, halafu jiulize kama umeona ulichopiga. Akikataa utoke, tafuta duka lingine.