Herufi L ni ya Nani? Kauli Kuhusu Wakusanyaji wa Vibao vya Magari vya Ujerumani

Wapo wasomi wanaodhani kwamba mtu mzima anayekusanya vibao vya nambari za magari amekosa kazi ya kufanya. Dhana hii yafaa kupingwa, hasa na watu ambao taaluma yao ni kusoma ishara. Kibao ni matini fupi mno, lakini ni matini: kina mtunzi, ambaye ni dola, kina hati, tarehe na hadhira. Aghalabu kinachokosekana ni msomaji stadi.

Mfano wa Ujerumani watosha. Mfumo unaotumika sasa ulianzishwa mwaka 1956 katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi. Herufi za mwanzo, moja hadi tatu, hutaja mji au wilaya. M ni München. HH ni Hamburg, na H ya kwanza ni kumbukumbu ya Hansa, ule muungano wa miji ya wafanyabiashara wa Zama za Kati. Jambo la ajabu ni kwamba waliobuni mfumo huo waliitengea Leipzig herufi L, ilhali Leipzig ilikuwa ng'ambo ya mpaka, chini ya serikali nyingine. Herufi hiyo iliwekwa akiba kwa matumaini ya muungano ambao haukuwa na tarehe.

Matumaini yalichelewa. Mnamo 1977 jimbo la Hessen liliiunganisha miji ya Gießen na Wetzlar kuwa mji mmoja ulioitwa Lahn, nao ukapewa L. Wenyeji waliukataa mji huo wa makaratasi, ukavunjwa mwaka 1979. Herufi ikasalia kwa wilaya ya Lahn-Dill hadi Ujerumani mbili zilipoungana mwaka 1990, Leipzig ikapata amana yake na Lahn-Dill ikahamia LDK. Kwa hivyo, kibao chenye L chaweza kuwa cha mji ambao haukutimiza miaka mitatu, cha wilaya ya mashambani, au cha Leipzig. Mkusanyaji mwenye pupa huandika "Leipzig" na kupita.

Mkusanyaji makini hukisoma kibao kama mwanafilolojia asomavyo mswada. Muhuri wenye jina la mamlaka huharibiwa gari linapofutiwa usajili, kwa hiyo ushahidi ulio wazi zaidi ndio unaotangulia kupotea. Husalia hati. Tangu mwaka 2000 vibao vipya hulazimika kuwa na ukanda wa buluu wa Umoja wa Ulaya na herufi za umbo maalumu, zilizobuniwa ili P isigeuzwe R wala F isigeuzwe E kwa rangi kidogo. L ya namna hiyo ni ya Leipzig bila shaka. Ikiwa hati ni ile ya zamani, sharti yaulizwe mengine: mabaki ya muhuri, na maelezo ya aliyekimiliki. Ndiyo sababu desturi ya kusugua vibao na kuvipaka rangi upya ili ving'are ukutani ni ya kulaumiwa. Ni kufuta maandishi ya pambizoni kwa kuwa yanachafua ukurasa.

Mwaka 2012 Ujerumani iliruhusu herufi zilizofutwa zirudi, na WZ ya Wetzlar ikawa miongoni mwa zilizofufuka. Waliolalamika kwamba mfumo umevurugwa hawakukosea, kwa maana wilaya moja sasa yaweza kuwa na herufi za aina kadhaa. Lakini WZ iliyotolewa kabla ya 1977 haikuchaguliwa na mwenye gari. Ilikuwa amri ya ofisi. WZ ya leo huchaguliwa, huku LDK ikiwapo kando yake. Anayeviweka vibao hivyo viwili katika kisanduku kimoja, chini ya jina moja la Wetzlar, ameipoteza miaka 35 iliyo kati yake.