Mfundisheni mtoto eneo kabla broka hajamfikia

Muulize mtoto wa Gredi ya Tano pale Shanzu eneo la mstatili hupatikanaje. Atakujibu kabla hujamaliza swali: urefu mara upana. Sasa mtoe nje, mwonyeshe uwanja wa shule, kisha umuulize hilo eneo lenyewe ni kitu gani. Hapo wengi hunyamaza, na si watoto pekee. Hebu jijaribu wewe unayesoma hapa kwa simu.

Eneo ni idadi ya miraba inayofunika mahali bila kuacha pengo na bila kupandana. Basi. Mtoto aliyewahi kutandika mikeka chumbani ashaelewa nusu ya somo. Sisi tunamharakisha kwenye kanuni, anaikariri, anapata tiki, na mwaka ukiisha anachanganya eneo na mzingo kana kwamba ni kitu kimoja.

Mtaala wa umilisi ulioanza madarasani nchini kote 2019 unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Sawa kabisa. Ila kutenda si lazima kuwe kumtuma mzazi manila na gundi saa tatu usiku! Pwani tuna mchanga. Chukua kijiti, chora mraba wa mita moja kila upande, waambie wasimame ndani. Wanaenea wangapi? Hiyo ndiyo mita moja ya mraba, na aliyebanwa humo na wenzake hataisahau.

Kisha leta kamba ya mita 12, uifunge ncha. Waunde nayo mstatili wa mita 5 kwa 1, wahesabu miraba: mitano. Waivute iwe 4 kwa 2: minane. Waivute tena iwe 3 kwa 3: tisa. Kamba ni ileile! Waache wabishane kwanza, usiwaokoe haraka. Wakichoka kuhesabu mmojammoja, wataona wenyewe kwamba safu mbili za miraba minne ni minane, na hapo kanuni itakuwa imezaliwa mikononi mwao.

Wewe uliye Chuo cha Ualimu cha Shanzu, nakuambia hasa wewe: ukitumwa mazoezini, somo hili lipeleke nje.

Mbona nashikilia jambo la watoto kwenye ukurasa wa vijana? Kwa sababu ya ploti, bana. Ukitoka Shanzu kuelekea Mtwapa hadi Kikambala, wimbo ni mmoja: "hamsini kwa mia." Broka anakwambia hiyo ni thumni ya ekari, yaani moja ya nane, nawe unatikisa kichwa. Piga hesabu. Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000. Ekari moja ina 43,560, na ukiigawa kwa nane unapata 5,445. Zimepungua 445. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 ni futi za mraba 100, kwa hivyo umelipia nafasi ya vyumba vinne na kachoo ambayo haipo. Hati nazo huandikwa kwa hektari: thumni halisi ni takriban 0.0506, hamsini kwa mia ni 0.0465. Tarakimu hizo ndogo ndizo pesa zako za chama za miaka mingapi?

Kuna na ujanja wa ua. Ploti ya 50 kwa 100 huzungushwa ua wa futi 300. Ya 30 kwa 120 vilevile, futi 300. Ukitembea ukizunguka ua utahisi ni sawa, kumbe ya pili ina futi za mraba 3,600 tu. Mtoto aliyecheza na kamba ya mita 12 hawezi kuingizwa hapo.

Huna haja ya kungoja shule. Jumamosi hii mwite mdogo wako au mtoto wa dada yako, mkate katoni iwe mraba wa futi moja, mpime keja unayolipia kodi. Ahesabu yeye. Halafu mgawanye kodi ya mwezi kwa idadi ya miraba. Ila jiandae, maana atataka kupima na kwa jirani, na huenda akarudi kukuuliza mbona kodi ni ileile na kule kuna miraba kumi zaidi.