Mgeni ni Mzungu Peke Yake?

Najua nimekuwa kimya, maisha yalinibana kidogo. Lakini wiki hii nimetumiwa tangazo ambalo limenitoa mafichoni. Shirika moja linatafuta vijana wa kujitolea kwenda Mbeya kwa miezi sita. Sifa za mwombaji: awe Mtanzania, awe na shahada au stashahada, na (hapa ndipo nilipokwama) "awe tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote."

Nililisoma tangazo lote mara mbili nikitafuta mstari unaosema huyo kijana atalala wapi, atakula nini na nani atampokea stendi. Hakuna.

Mazingira yoyote! Tumeizoea sentensi hii hadi hatuisikii tena. Mimi naisikia, kwa sababu iliwahi kukaribia kuniua. Sitanii.

Agosti 2018 nilipanda basi Ubungo, enzi hizo mabasi ya mikoani yakiondokea pale, nikiwa na begi moja, barua ya utambulisho na nauli ya kwenda tu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nakwenda Iringa kujitolea katika ofisi moja iliyokuwa inaandaa vipindi vya redio na vijarida kwa ajili ya vijijini. Nimezaliwa na kukulia Temeke. Iringa niliijua kwa Mkwawa wa kwenye kitabu cha historia na kwa viazi vya sokoni. Tulipoanza kupanda Kitonga abiria wakafunga vioo, nikadhani wananionea. Niliposhuka Ipogolo jioni na fulana yangu ya mikono mifupi, nikawaelewa.

Wiki hiyo hiyo alifika binti wa Kijerumani wa miaka 19. Ofisi moja, kazi moja, na kwenye makaratasi wote wawili tuliandikwa watarajali wa kujitolea. Yeye alikuja kwa mpango wa weltwärts, ambao serikali ya Ujerumani imekuwa ikiugharimia tangu 2008 kupeleka vijana wa miaka 18 hadi 28 nje ya nchi. Masharti ya mpango ule yanataka kila kijana apate siku zisizopungua 25 za semina: kabla ya kusafiri, akiwa huku, na akirudi. Analipiwa bima, anatafutiwa pa kuishi, anapewa hela ya mfukoni. Binti yule alipofika alipelekwa kwa familia, akafundishwa Kiswahili, akafundishwa na kusalimia Kihehe.

Mimi nilipokewa na mlinzi. Aliniambia bosi yuko Dodoma, nirudi Jumatatu.

Nilipata chumba Kihesa. Wiki ya pili baridi ilinishinda. Nilikuwa na shuka moja na sweta moja la mitumba. Usiku nikawasha jiko la mkaa uani, nikapika ugali na maharage, kisha nikaliingiza jiko chumbani linipashe joto. Nikafunga dirisha. Nikaziba chini ya mlango kwa taulo, nikajiona mjanja sana.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni kichwa kinachopasuka, miguu iliyokataa kunibeba, na mama mwenye nyumba akiniburuta kwa mikono miwili kunitoa uani. Alikuwa ameamka kwenda chooni, akaona taa yangu inawaka saa tisa usiku, akaita, sikuitika. Akasukuma mlango.

Nilipopata fahamu vizuri aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kwenu hamjui kuwa jiko halilali na mtu?"

Kwetu hatujui, mama. Kwetu Temeke jiko linakaa uani mwaka mzima na dirisha liko wazi usiku kucha, maana joto lenyewe tunalikimbia. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu analala, haamki. Mtoto wa Kihesa anayajua hayo kabla hajaanza darasa la kwanza, hata kama hajui jina la hewa yenyewe. Mimi mwenye shahada sikuyajua.

Kesho yake nikamsimulia yule binti. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kaka, hiyo walituambia kwenye semina. Mapema kabisa."

Mapema kabisa! Wadau, hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na haijaisha. Simlaumu yeye, na wala simlaumu aliyempa semina. Alifanya kazi yake. Taarifa ya kuokoa roho ilikuwepo pale ofisini. Ilisafiri kutoka Ujerumani hadi Iringa kichwani mwa binti wa miaka 19, ikakaa meza ya pili kutoka yangu, na hakuna mtu aliyefikiri kwamba hata mimi ninaihitaji. Kwa nini? Kwa sababu mimi ni Mtanzania, na Mtanzania hawezi kuwa mgeni Tanzania.

Huo ndio uongo ninaoupinga leo.

Ni uongo mtamu, kwa sababu umebebwa na ukweli. Ni kweli tuna lugha moja. Ni kweli Mwalimu alitujenga hivyo, na mtoto wa Newala akafundishwa na mwalimu kutoka Bukoba. Lakini lugha moja haimaanishi mazingira mamoja. Nilipopelekwa kijijini Kilolo kurekodi wazee, niliwafuata na Kiswahili changu cha Dar, mambo mbio mbio, kinasa sauti mkononi kabla hata sijakalishwa. Wazee walinijibu kwa heshima, ndiyo na hapana, nikarudi na mkanda mtupu. Yule binti alikwenda wiki iliyofuata. Akaanza na "kamwene", akapeana mikono na kila mtu, akakaa, akaulizwa habari za kwao, akala. Akarudi na saa mbili za simulizi. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, lakini alikuwa ameambiwa kwamba yeye ni mgeni, kwa hiyo akafanya kama mgeni. Mimi nilikuwa nimeambiwa niko nyumbani, nikaingia kama mwenye nyumba.

Miezi mitatu baadaye nikahamishiwa Mbeya. Nikapanga Uyole kwa sababu kodi ilikuwa nafuu, na sikuwa nimepiga hesabu ya daladala za kwenda mjini kila siku. Kabla mwezi haujaisha nikawa nashukia Mafiati na kutembea ili kuokoa nauli. Siku ya kwanza nikamsifia mama mwenye nyumba kwamba Wanyakyusa ni wakarimu sana. Akacheka kwa upole. "Mimi Msafwa, mwanangu. Wanyakyusa kwao Rungwe na Kyela. Hapa Mbeya unapolala ni kwetu." Mwandishi wa habari mtarajiwa huyo, anayetaka kuwaeleza wananchi habari za Mbeya!

Pale tulikuwa vijana watatu wa kujitolea. Mwenzetu mmoja alitoka Lindi. Baridi ya Mbeya, njaa ya mwisho wa mwezi, malaria aliyoitibu kwa kukopa, na kukosa mtu wa kumuuliza hata jambo dogo, vyote vilimwangukia pamoja. Wiki ya tano akapanda basi akarudi kwao. Kikao cha Jumatatu kikamjadili kwa dakika mbili: vijana wa siku hizi hawana uvumilivu.

Mnaona jinsi mchezo unavyochezwa? Kijana wa Kijerumani akishindwa, watu wanauliza maandalizi yalikosea wapi. Kijana wa Lindi akishindwa, tunauliza amelelewaje.

Nawasikia wazee wakisema: "Enzi zetu tulijitolea bila kulalamika." Jamani, tuheshimiane na historia. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, na moja ya manung'uniko yao ni kwamba wakati wa utumishi huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu aliwafukuza zaidi ya 300, akawarudisha vijijini kwao, na yeye mwenyewe akajipunguzia mshahara kwa asilimia 20. Mimi niko upande wa Mwalimu kwenye hoja ya msingi: msomi ana deni kwa waliomsomesha. Lakini tazameni hata hilo jeshi lenyewe. Kijana aliyekwenda Mafinga au Itende alikuta kitanda, chakula, sare na mtu wa kumwamsha asubuhi. Taifa lilimdai, lakini lilimlisha. Leo tunachukua nusu ya kwanza ya mafundisho yale, kwamba kijana ajitoe, na nusu ya pili tunaitupa.

Wengine watasema fedha hakuna, wafadhili hawatoi bajeti ya kuwaandaa wenyeji. Kwanza, tuliwahi kuomba? Pili, Iringa yenyewe imewahi kuona njia nyingine. Shirika la Students Partnership Worldwide, ambalo 2010 lilibadili jina kuwa Restless Development, liliwahi kuweka vijana wa Kitanzania na Waingereza pamoja katika vijiji vya mkoa ule, nyumba moja, kazi moja. Kwa hiyo tusiambiane kwamba haiwezekani.

Tatu, na hili ndilo linalonichoma zaidi: tangu 2013 ule mpango wa Wajerumani una njia ya kurudi pia. Kijana wa Kitanzania anaweza kwenda kujitolea Ujerumani, na akienda anafundishwa lugha, anatafutiwa pa kuishi, anapewa mtu wa kumwelekeza. Kijana yule yule! Yaani mtoto wa Temeke anastahili maandalizi akipelekwa Ujerumani, lakini akipelekwa Mbeya anastahili barua ya utambulisho. Basi tusisingizie rangi. Tatizo ni sisi tunaoamini kwamba kumwandaa mwenzetu ni kumdekeza.

Halafu hiyo "bure" tunayojivunia si bure. Kuna mtu anailipa. Mimi nililipiwa na mama mwenye nyumba wa Kihesa aliyenitoa uani na kunikandia kichwa, akaniazima blanketi hadi Novemba. Nililipiwa na mama ntilie wa Mbeya aliyeandika deni langu kwenye daftari bila kuniuliza nitalipa lini. Hao ndio walionifundisha kuishi Nyanda za Juu Kusini. Ofisi iliandika kwenye ripoti yake kwamba imewajengea uwezo vijana watatu. Akina mama hao hawamo kwenye ripoti.

Ninachodai ni kidogo sana, hata aibu kukiandika. Wiki moja ya kwanza kijana akae kwa familia, si ofisini. Apelekwe kwa mtendaji na kwa mwenyekiti wa mtaa, ajulikane. Aambiwe namna watu wa pale wanavyosalimiana, aambiwe kuhusu jiko, maji, nauli, na zahanati iko wapi. Apewe hela ya chumba na chakula, maana kujitolea ni kutoa kazi yako, si kuwaangushia wengine gharama ya tumbo lako. Na apewe mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu ambaye anaweza kumpigia saa tisa usiku. Kama shirika halimudu hayo kwa vijana watatu, lichukue mmoja. Kama halimudu kwa mmoja, basi halihitaji mtu wa kujitolea. Linahitaji mfanyakazi ambaye halitaki kumlipa. Tuwe wakweli tu.

Na wewe kijana mwenzangu unayetaka kujibu lile tangazo, sikukatazi. Nenda. Iringa na Mbeya zilinifanya mtu, na nitazirudia. Lakini kabla hujasaini, uliza nani atakupokea. Ukifika, usijifanye uko kwenu. Salimia kwanza, kaa uambiwe. Nunua blanketi kabla ya kununua vocha.

Na jiko, ukishapika, liache nje.